Sanamu za Kinga, Hirizi na Tegemeo la Muumini

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba mti na akauumba mkono unaouchonga mti. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na Aali zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu mnaotusikiliza majumbani, nanyi wanafunzi wa vyuo na madrasa, katika khutba hii tumekusudia kueleza jambo ambalo wengi hulitenda na wachache hulisema. Nalo ni kuvaa, kutundika, kuzika au kuweka kitu cha mti, cha ngozi au cha karatasi, kwa nia ya kujikinga na shari. Hapa Singida tumeulizwa juu yake mara nyingi, na aghalabu muulizaji huuliza kwa sauti ya chini, baada ya watu kutawanyika msikitini.

Tutaanzia mbali kidogo, kwani mtu huona wepesi kuitazama ada ya mwenzake kabla ya kuitazama ya kwake.

Huenda baadhi yenu mmepata kuona picha za sanamu za mti za Afrika Magharibi. Zama za ukoloni Wazungu walizichukua kwa maelfu, wakazipanga katika makumbusho yao, wakaziita sanaa. Lakini aliyezichonga hakuzichonga ili zitazamwe. Wayoruba wa Nigeria, ambao kwao mapacha huzaliwa kwa wingi sana, walikuwa na desturi kwamba pacha mmoja akifa mama humchongeshea kijisanamu kiitwacho ere ibeji. Hukiosha, hukivika nguo na shanga, hukipa chakula, kwa itikadi kwamba roho ya aliyekufa isipotunzwa itamvuta na yule aliyebaki. Waasante wa Ghana walikuwa na sanamu iitwayo akua'ba, ambayo mwanamke asiyepata mtoto huibeba mgongoni kama abebavyo mama kichanga. Na kusini zaidi, karibu na mahali mto Kongo unapoingia baharini, palikuwa na nkisi, sanamu yenye kitundu tumboni. Mganga hutia dawa zake ndani ya kitundu kile, akakiziba kwa kipande cha kioo. Kisha mwenye kuapa au mwenye kutaka kinga hupigilia msumari, hata sanamu ikajaa misumari kifua na mgongo.

Liangalieni jambo moja hapa. Kwa Mkongo mwenyewe mti mtupu haukuwa kitu. Kabla ya dawa kutiwa, ile ilikuwa gogo lililochongwa tu, wala hakuna aliyeliogopa. Kilichotegemewa kilikuwa kile kilichofichwa ndani, ambacho mwenye sanamu hakijui na mganga peke yake anakijua. Tutalirudia hili mbele, kwani hirizi za kwetu zina siri iyo hiyo.

Wala tusidhani mambo haya yako mbali. Wazaramo wa pwani yetu, ambao wengi wao ni Waislamu kwa vizazi kadhaa, wamekuwa na mwana hiti: kijisanamu cha mti kisicho na mikono wala miguu, chenye kichwa na kishungi cha nywele kilichogawanyika pande mbili. Mwali aliyewekwa ndani hukabidhiwa kijisanamu hicho akakitunza kama mtoto wake, akakipaka mafuta, ikitarajiwa kwamba atakapotoka atapata uzazi. Umbo lilo hilo limechongwa juu ya bakora za waganga na juu ya nguzo za makaburi. Mwanafunzi mmoja alituuliza kama hili si sawa na wanasesere wa Bibi Aisha (R.A.), ambao Mtume (S.A.W.) aliwaona asiwakataze, kama ilivyopokewa katika Sahihi Bukhari. Swali zuri. Wanavyuoni wengi wamechukua hapo ruhusa ya michezo ya watoto. Lakini mwanasesere hatarajiwi kuleta mimba. Mtoto akimsahau uani akanyeshewa na mvua, hakuna mtu atakayekosa usingizi kwa khofu. Huko kukosa usingizi ndiko kunakotofautisha kitu cha kuchezea na kitu cha kutegemewa.

Wamijikenda wa pwani ya Kenya, hasa Wagiriama, humchongea mzee wa chama chao cha Gohu kigango baada ya kufa kwake. Ni ubao mrefu wa mti mgumu, wenye kichwa cha duara na kiwiliwili kilichonakshiwa pembetatu. Itikadi yao ni kwamba roho ya marehemu hupata makao hapo na kuwalinda jamaa zake, nayo ikidharauliwa huja maradhi na ukame. Basi sikilizeni yaliyovipata vigango hivyo. Katika nusu ya pili ya karne iliyopita viling'olewa kwa wingi usiku, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara, vikavushwa bahari. Mwaka 1985 viwili viliibwa katika boma la mzee mmoja. Mtafiti aliyekuwa amevipiga picha alikuja kuvikuta, baada ya miaka mingi, katika makumbusho ya Marekani, na mwaka 2007 vikarudishwa kwa familia. Na makumbusho ya mji wa Denver yalitangaza mwaka 2014 kwamba yatarejesha vigango 30.

Mwenye kuisoma Surat Al-Anbiya ataikumbuka hapa hoja ya Nabii Ibrahim (A.S.). Aliyavunja masanamu ya watu wake, akaliacha lile kubwa, na walipomwuliza ni nani aliyefanya hivyo, akawaambia waliulize lile kubwa kama laweza kusema. Wakainamisha vichwa. Hoja yenyewe ndiyo hii: mlinzi aliyeshindwa kumzuia mwizi asimbebe begani, atamzuiaje mauti asiingie ndani?

Hata hivyo yatupasa tuongeze neno. Mwizi ni mwizi. Mwislamu hana ruhusa ya kuiba kigango cha Mgiriama, wala kukivunja, wala kukitukana mbele ya mwenyewe. Katika Surat Al-An'am, aya ya 108, tumekatazwa kuwatukana wale wanaoombwa na watu badala ya Mwenyezi Mungu, wasije nao wakamtukana Yeye bila ya kujua. Tunawasikia baadhi ya vijana wetu wakicheka mila za wazee wasio Waislamu, na kiunoni mwao umo uzi mweusi wenye mafundo.

Vipi watu hufika hapo? Katika Surat Nuh yametajwa masanamu matano: Wadd, Suwaa, Yaghuth, Yauq na Nasr. Ibn Abbas (R.A.) ameeleza, kama ilivyo katika Bukhari, kwamba hayo yalikuwa majina ya watu wema. Walipofariki, jamaa zao waliweka sanamu mahali walipokuwa wakikaa, wakaziita kwa majina yao. Kizazi kile hakikuziabudu. Kilipopita, na elimu ikasahauliwa, waliokuja nyuma wakaziabudu. Kwa hiyo shirki mwanzo wake si lazima uwe ubaya. Yaweza kuwa mapenzi ya mtu kwa mzee wake, au huzuni ya mama aliyefiwa na pacha. Tunalisema hili ili tusiwe wakali kwa wafiwa na wenye khofu, maana hao ndio wanaobisha milango ya waganga.

Sasa tuje nyumbani. Singida si nchi ya wachonga sanamu. Mti wetu wauchonga mizinga ya nyuki, vinu na mipini ya majembe. Lakini khofu ile ile iliyochonga nkisi kule Kongo haikutupita. Mvua zetu ni chache, mwaka mmoja mtama hustawi na mwaka wa pili hukauka ungali mdogo, na mwenye kuishi hivyo hutamani kitu cha kushika mkononi. Wazee wetu wanakumbuka habari za watu-simba wa miaka ya 1940, ambapo watu wengi waliuawa katika nchi ya Wanyaturu wakiwa na majeraha kama ya makucha. Ilivumishwa kwamba kuna wenye dawa za kuwageuza binadamu kuwa simba na kuwatuma kwa ujira. Kesi zikafikishwa mahakamani, wengine wakanyongwa, na ikadhihirika kwamba mikono iliyoua ilikuwa mikono ya watu. Simba wa porini hapokei ujira. Lakini fikirini ni hirizi ngapi zilizouzwa miaka ile! Mwenye kueneza khofu na mwenye kuuza kinga hufaidiana, na pengine huwa ni mtu mmoja.

Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa mvua, baada ya sala ya Alasiri, alitujia mkulima mmoja wa vitunguu kutoka kijiji cha upande wa Iramba. Mkononi alikuwa na hirizi ya ngozi iliyoshonwa vizuri. Mtoto wake wa miaka minne alikuwa ameshikwa na homa, kisha degedege. Siku ya kwanza walimpeleka kwa mtu aliyesifiwa. Mtoto akafungwa hirizi shingoni na uzi mweusi kiunoni, na baba akaambiwa asimpeleke penye sindano kabla ya siku tatu, kwa kuwa sindano humkasirisha aliyemkamata. Baba akatoa mbuzi na fedha za gunia la vitunguu, akangoja. Siku ya tatu mtoto hakufumbua macho. Hospitali waliambiwa kwamba malaria imepanda kichwani. Kwa rehema ya Mola alipona, lakini ulimi wake umekuwa mzito, na mkono wake wa kushoto hauna nguvu.

Tuliifungua hirizi ile mbele ya baba. Ndani mlikuwa na kipande cha mzizi, unyoya, na karatasi iliyokunjwa mara nyingi. Karatasi ilikuwa na jedwali la vyumba kumi na sita, herufi na tarakimu za Kiarabu, majina tusiyoyajua ni ya nani, na juu kabisa Bismillahi. Hati ilikuwa nzuri. Mtu haijui hati kama ile kwa kuzaliwa. Huijua kwa kukaa chuoni miaka, mbele ya mwalimu kama sisi.

Hatuna budi kusema kweli, kwani atakayeficha aibu ya wanavyuoni ataacha watu waendelee kuumia. Baadhi yetu tulipokuwa vijana wa chuo tuliandika makombe na hirizi kwa amri ya walimu wetu, tukapata senti za mafuta ya taa ya kusomea. Hatukuona vibaya. Wala si sisi pekee. Afrika Magharibi wanavyuoni wa Kiislamu waliwaandikia hirizi wafalme wasiokuwa Waislamu, na mashujaa wa Asante waliingia vitani na mashati yaliyoshonewa vifuko vya ngozi kifuani na mgongoni. Ndani ya vifuko vile mlikuwa na maandishi ya Kiarabu. Basi Mwislamu anayemcheka mwenye sanamu ajue kwamba mwenye sanamu alikuwa mteja wa Mwislamu.

Sheria yasemaje? Imepokewa na Imam Ahmad kutoka kwa Uqba bin Aamir (R.A.) kwamba walikuja watu kumi kwa Mtume (S.A.W.) kutoa baia. Alipokea ya tisa, akamwacha mmoja, kwa sababu alikuwa amevaa hirizi. Yule mtu akaingiza mkono wake akaikata, ndipo Mtume (S.A.W.) akaipokea baia yake, na akaeleza kwamba mwenye kutundika hirizi ameingia katika shirki. Na walipokuwa wakienda Hunayn, baadhi ya waliosilimu karibuni walimwomba awawekee mti wa kutundika silaha zao kwa baraka, kama walivyokuwa nao washirikina. Akawakemea, akawafananisha na watu wa Musa waliotaka wafanyiwe mungu. Hadithi hiyo ameitoa Tirmidhi.

Ama hirizi yenye aya za Qur'ani tupu, wanavyuoni wamekhitalifiana tangu zama za Masahaba. Imesimuliwa kwamba Abdullah bin Amr bin Al-As (R.A.) aliwaandikia watoto wake wadogo maneno ya kinga. Abdullah bin Masud (R.A.) alikataa kabisa. Katika madhehebu yetu ya Shafi wamekuwako walioiruhusu kwa masharti: iwe ni Qur'ani au majina ya Mwenyezi Mungu, iwe ya kusomeka, na mvaaji aitakidi kwamba mwenye kukinga ni Mola si karatasi. Hatuwezi kumwita mshirikina mtu aliyewafuata hao. Lakini rai yetu, baada ya kuzifungua hirizi nyingi, ni kwamba iachwe. Sharti la kwanza halitimizwi, kwani hirizi hushonwa ili isisomwe. Hiyo ndiyo siri ya kitundu cha tumboni tuliyoitaja. Karatasi ile ile huingizwa chooni na kulaliwa kwa jasho. Na zaidi ya yote, mama anayemvalisha mtoto Ayatul Kursiyu katika ngozi huona hana haja ya kumfundisha kuisoma kwa ulimi.

Tunaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni hili: “Mbona inafaa? Nilivaa, nikapona.” Mke wa Abdullah bin Masud alimjibu mumewe jawabu iyo hiyo alipomkatia uzi wake. Alisema kwamba jicho lake lilikuwa likimsumbua, na akisomewa na mtu fulani hutulia. Ibn Masud akamwambia kwamba ile ilikuwa kazi ya shetani. Nasi twaongeza la akili. Homa nyingi huondoka zenyewe, na mafua yatapona ukivaa hirizi au usivae. Aliyepona hutembea akisimulia, na aliyekufa na hirizi yake shingoni hana wa kumsimulia. Ukihesabu wasimuliaji tu utadanganyika.

Wengine hutuambia kwamba hata komeo la mlango ni kinga, na chandarua ni kinga, basi hirizi imekosa nini? Komeo na chandarua ni sababu ambazo Mwenyezi Mungu ameziumba zifanye kazi mbele ya macho yetu: mbu hapenyi kitambaa, mwizi hapenyi chuma. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kisha ategemee. Vivyo hivyo mitishamba. Mizizi na majani yana manufaa yajulikanayo, na sheria ya tiba asili ya mwaka 2002 imewatambua wanaotibu kwayo. Kwa hiyo tusimchanganye mzee anayetibu tumbo kwa majani na mpiga ramli anayetaja jina la jirani yako. Huyu wa pili, kumwendea na kumwuliza tu, kwa mujibu wa Hadithi ya Muslim, kwazuia kukubaliwa sala za siku arobaini.

Na anaposadikiwa, mambo hayaishii kwenye sala. Vikongwe wa nchi jirani ya Usukuma wameuawa kwa macho mekundu, na wekundu ule mara nyingi ni moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe cha miaka hamsini jikoni. Tangu miaka ya 2006 na 2007 watu wenye ualbino wakaanza kuwindwa ili viungo vyao vifanywe dawa ya utajiri. Serikali ilifuta leseni za waganga wa jadi mwaka 2009, na mwaka 2015 ikawapiga marufuku wapiga ramli. Hata hivyo mwaka 2024, mkoani Kagera, mtoto mwenye ualbino wa miaka miwili na nusu alinyang'anywa nyumbani kwao akauawa. Aliyenunua hakununua sanamu ya mti. Itikadi iliyomfikisha pale ndiyo ile ile, kwamba kuna kitu cha kushikwa mkononi chenye kuleta heri peke yake. Tofauti ni kwamba mti haukutosha tena.

Basi mwenye hirizi nyumbani afanyeje? Tumeona watu wakitaka kuivua na mikono ikawatetemeka, nasi hatuwalaumu. Na aanze kwa kusoma. Mtume (S.A.W.) alikuwa akilala usiku hukusanya viganja vyake, akasoma Qul huwa Llahu na Qul audhu mbili, akapuliza, akajipangusa mwili. Alikuwa akiwaombea kinga wajukuu zake Hasan na Husein kwa maneno ambayo Nabii Ibrahim aliwaombea watoto wake, na hakuwafunga kitu. Baba na mama wafanye hivyo kwa watoto wao siku chache, kisha wakate uzi. Zindiko lililozikwa mlangoni lifukuliwe na mwenye nyumba mwenyewe, mchana, watoto wakiona, wala hahitaji kumlipa mtu kulitoa. Kukiwa na aya ndani, karatasi ichomwe moto mahali safi, na jivu lifukiwe. Yaliyo mengine yachomwe tu. Na mtoto akishikwa na homa, hasa akitetemeka au akigeuza macho, apelekwe zahanati saa ile ile apimwe damu, baba akimsomea njiani. Kusoma hakungoji siku tatu, wala hakukatazi sindano.

Karatasi ya mtoto wa Iramba tuliichoma nyuma ya msikiti, na jivu tukalifukia chini ya mkakaya. Unyoya na mzizi tukautupia moto ule ule. Kile kifuko cha ngozi baba alikikung'uta, akakitazama, akasema kimeshonwa imara na kitamfaa kutilia mbegu za vitunguu. Akakitia mfukoni, akaenda kutawadha kwa ajili ya Magharibi.